Kumwogopa Bokilo Kuliko Kaburi

Mtu wa kwanza kufa kwenye avenue moja ya mtaa wa Kabondo alikuwa Papa Dominique, fundi wa viti. Asubuhi watu walimwona akichonga mguu wa meza, na kabla jua halijazama alikuwa amekunjwa ndani ya mkeka. Watu walisema ni sumu. Wa pili alikuwa mke wake, yeye aliyeuosha mwili. Hapo watu wakaacha kusema sumu, wakasema kolera, tena kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja jina la askari aliye karibu.

Mwaka ule majeshi mawili ya kigeni yalikuwa yamegawana mji wa Kisangani, kama ndugu wawili wanaogawana mkate na kila mmoja ameshika kisu. Kabondo ilikuwa upande wa jeshi moja. Ukitaka kwenda upande wa jeshi la pili, kuelekea mto Tshopo, lazima upite barrière, kizuizi cha askari, na pale mwanamke alipekuliwa mpaka kwenye nywele. Mabomba ya maji ya mtaani yalikohoa wiki chache, kisha yakanyamaza. Watu wakarudi kwenye chemchemi ya bondeni. Mama unayesoma, kama unaijua chemchemi ya bondeni, unajua pia kwamba mvua ikinyesha inateremsha kila kitu kilichoachwa nyuma ya nyumba za juu.

Huko bondeni ndiko Kasoki alikosikia maneno yaliyomtia hofu. Kasoki alikuwa mwanamke wa Butembo aliyeolewa Kisangani. Aliuza chumvi, sukari na sabuni mbele ya nyumba, na duka hilo la meza moja ndilo lililolisha watu wote wa ndani. Siku hiyo alikuwa kwenye mstari wa ndoo, nyuma ya Solange, msusi wa nywele, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika.

"Munasikia?" Solange alisema. "Ngambo ya barrière kolera iko vilevile. Batu banahara vilevile. Lakini habakufwi! Mujomba wangu alihara siku mbili, leo iko anakula lituma ya ndizi na anatukana bibi yake. Alors, sisi juu ya nini tunakufwa?"

"Kule bazungu baliweka mahema," mwanamke mmoja akajibu.

"Mahema tu? Mungu wa kule iko na masikio mingi kuliko wa huku?"

"Solange, usimuweke Mungu kwenye mustari wa ndoo."

Watu walicheka kidogo. Kisha Solange akageuka na kumtazama Fatouma, jirani yake Kasoki, mama wa Kimaniema aliyesimama peke yake na ndoo na birika mkononi.

"Na kwako, Mama Fatouma? Kwako hata kuku hakufwi. Utuambie dawa basi."

"Dawa ni kunawa," Fatouma akasema. "Tunanawa mara tano kwa siku. Na mayi nachemusha, juu bwana yangu anapenda chai kuliko anavyonipenda miye."

"Mara tano! Ngozi yenu haiishi?"

Kicheko kikatoka tena, lakini hakikuwa kicheko cha kufurahi. Fatouma alipoweka ndoo yake chini, wanawake wawili walivuta zao pembeni. Walioona nyumba yake haijaguswa hawakusema ana bahati, walisema anajua kitu. Kasoki alikuwa anamfahamu Fatouma, alikuwa amekula kwake siku ya sikukuu, watoto wao walilala kwenye mkeka mmoja. Naye akavuta ndoo yake. Aliona haya, lakini aliivuta.

 

Merdi, binti yake wa miaka minne, alianza kuugua baada ya uji wa asubuhi. Mara ya kwanza Kasoki alidhani ni mahindi mabichi. Mara ya pili yalitoka maji meupe kama ya kuoshea mchele, yasiyo na harufu ya choo, yakapita katikati ya vidole vyake mpaka chini. Kasoki aliyatazama. Hakupiga kelele. Alikwenda kwanza kufunga mlango, ili jirani asione.

Mume wake, Jérôme, alikuwa mwalimu ambaye serikali ilimsahau tangu vita vianze. Alisimama katikati ya chumba, mikono ikining'inia.

"Nimuite mama?" akauliza.

Mama yake alikuwa tayari mlangoni. Mama Pélagie alitoka Opala akikimbia askari, akashuka mto kwa pirogue na kitanda kimoja na mbuzi mmoja, na mbuzi huyo askari walimchukua njiani. Alikuwa bokilo wa Kasoki, mama ya bwana. Kasoki hakula mbele yake. Hakumkatiza neno. Alipompa maji alipiga magoti, hata siku ambazo maji hayo, na kikombe, na sukari ndani ya kikombe, vilitoka kwenye meza yake mwenyewe.

"Mupe mutoto," bokilo alisema.

Alimlaza Merdi kifudifudi juu ya mapaja yake. Mkononi alikuwa na poire, kile kifuko chekundu cha mpira chenye mdomo mrefu, ambacho kila nyumba ya huku inacho kama inavyo na sufuria. Ndani aliweka maji ya majani machungu na pilipili kidogo. Mtoto akiwa na homa, lavement, maji ya kusukumwa tumboni kwa nyuma. Mtoto akikataa kula, lavement. Ndivyo Jérôme alivyokua, ndivyo nusu ya Kisangani ilivyokua, na hakuna mama aliyeona ubaya.

"Tumbo linatosha uchafu inje," bokilo alisema, akisukuma taratibu, na mkono mwingine ukimpapasa mtoto mgongoni. "Tulisaidie litoshe yote. Na musimupe mayi. Ukimunywesha, unalisha ugonjwa. Haya, mujukuu wangu, kipenzi cha koko. Lia tu. Kulia kunafungua."

Merdi aliomba maji. Aliomba kwa sauti yake ya kawaida, kisha kwa sauti ya kunong'ona. Kasoki alimtazama Jérôme. Jérôme akatazama dirisha.

"Mama ni mama," akasema. "Amezika batatu, amekomaza batano. Sisi tunajua nini?"

Mchana Kahambu akaja, yaya wa Kasoki, yaani dada yake mkubwa, mwanamke mnene anayeuza samaki wa chumvi sokoni. Aligonga mlango uliofungwa mchana na akaelewa kabla hajafunguliwa. Alipoona macho ya Merdi yamezama, alimshika mdogo wake mkono na kumtoa nyuma ya nyumba.

"Amekunywa nini?"

"Koko yake anasema asinywe."

"Mon Dieu." Kahambu aliketi juu ya tofali. "Kasoki, miye nilikuwa Goma ule mwaka wakimbizi balikuya. Unanisikia? Balikufwa kama panzi. Balilala barabarani mustari, ukivuka unavuka miguu ya batu. Halafu baliacha kufwa. Ugonjwa ulikuwa uleule! Hakuna mutu alifukuza ugonjwa. Balileta mayi safi na balianza kunywesha batu, chumvi na sukari, kikombe kwa kikombe, hata anatapika, mupe tena. Na weye uko na chumvi na sukari kwa meza, unauzia mabibi wa wengine!"

"Yaya, sauti."

"Sauti gani? Atafwa mutoto kwa heshima?"

"Niambie namna gani nitamwambia bokilo hapana. Anamupenda Merdi kuliko—"

"Najua anamupenda. Ndiyo inaogopesha." Kahambu akamkazia macho. "Weye bado unaogopa bokilo kuliko kaburi?"

Kahambu alipokwenda, Kasoki alichanganya chumvi na sukari kwenye kikombe cha maji kwa kukisia, akaketi kitandani kama anayemfunika mtoto, na akamtilia mdomoni kwa kijiko. Merdi alimeza. Akameza tena kwa pupa, meno yakagonga kijiko. Baada ya muda akafungua macho akauliza kama koko amekasirika. Kasoki alitaka kucheka na kulia pamoja. Akamlaza, akatoka kuchemsha maji mengine.

Hapo alifanya kosa, na kosa hili, mama, ulikumbuke. Hakumwambia mtu. Aliona haya ya kuonekana amemvunjia bokilo neno, basi alitibu kwa wizi. Merdi alipotapika kidogo ya kile alichokunywa, bokilo alikuwa karibu, na Kasoki alikuwa jikoni.

"Nani alimupa mayi?" bokilo akasema. "Munaona? Munaona imerudi!" Na kwa mapenzi yake yote akajaza poire mara ya pili.

Kasoki aliporudi na kikombe, alikuta mtoto hawezi tena kulia. Mdomo ulifunguka na hakuna kitu kilichotoka. Ngozi ya tumbo, alipoifinya, ilibaki imesimama kama kitambaa kisichopigwa pasi.

"Nipe mutoto wangu," akasema.

"Subiri, inafanya kazi."

"Mama, hapana."

Neno lilikuwa dogo, lakini halikuwa limesemwa ndani ya nyumba ile kwa mwanamke yule. Bokilo akainua uso, mikono yake ikalegea kwa mshangao. Kasoki akamchukua Merdi, akamfunga mgongoni kwa kikwembe, akampa Jérôme mtoto mdogo Bonheur.

"Unaenda wapi?" Jérôme aliuliza.

"Ngambo."

"Barrière habataruhusu! Kasoki! Unamwacha mama yangu na haya namna hii?"

Mlango aliuacha wazi. Fatouma alikuwa kwenye ua wake, ameona na amesikia. Bila kuulizwa alinyoosha mikono kwa Jérôme. "Leta kitoto. Kitalala kwangu." Kasoki akakumbuka ndoo aliyoivuta. Hapakuwa na nafasi ya kusema kitu.

 

Alipanda toleka, baiskeli ya kubeba watu, ya kijana mmoja anayeitwa Émile. Barabara ilikuwa na mashimo, na kila shimo lilimpiga Merdi kichwa mgongoni mwa mama yake. Kasoki alikuwa anahesabu pumzi za mtoto kwenye shingo yake. Zilikuja, zikachelewa, zikaja. Mara kikwembe kikalowa, maji ya moto yakashuka kiunoni mwake mpaka kwenye kiti cha baiskeli. Émile akageuka, akaona, akashika breki.

"Mama, teremuka."

"Papa, tafadhali. Ni pale tu."

"Niko na batoto. Teremuka. Sitaki hata malipo." Akaanza kusugua kiti kwa mchanga, machozi yakimtoka, akilaani siku yake.

Kasoki akatembea. Barrière ilikuwa mti mrefu uliolazwa juu ya mapipa mawili. Wanawake waliopanga mstari na vikapu vya pondu, majani ya muhogo, walivuliwa vitambaa vya kichwa, chikwangue zao, mikate ya muhogo iliyofungwa majanini, zilifunuliwa moja moja, na askari mmoja kijana alikuwa anatoboa magunia kwa chuma. Kwa namna Kasoki alivyosalimia, akamjua ni wa wapi.

"Ah, mama ya Kivu. Nyinyi mulileta vita. Leo unaleta nini?"

"Mutoto iko mugonjwa. Ninamupeleka kwenye mahema."

"Mugonjwa wa nini?"

Wote kwenye mstari walikuwa wanasikiliza. Kasoki akasema homa.

"Homa iko na dispensaire huko kwenu. Rudi. Mukubwa alisema: huku kwetu hakuna kolera, na hakuna mutu wa kutoka kuenda kutafuta kolera ngambo. Munaharibu jina la upande huu."

"Afande, ninakuomba. Nitakupa sukari, kilo, nitatuma mutu alete—"

"Sukari yako itakuya na inzi wako. Nimesema rudi. Ao nikupekue kwanza? Labda kwa mugongo uko na barua za adui." Akacheka, akatazama wenzake. "Mufungue tuone kifurushi!"

Kasoki alipiga magoti, kama anavyompigia bokilo, kwa mazoea tu. Na pale chini, mbele ya viatu vya yule kijana, alihisi pumzi ya Merdi imechelewa kuliko mara zote. Alingoja. Haikuja. Kisha ikaja, nyembamba.

Akasimama. Akafungua kikwembe. Akamleta mtoto mbele, akauacha mwili ule uonekane, macho yaliyozama, miguu iliyolowa, maji meupe yakidondoka mavumbini.

"Basi mupekue," akasema. "Ni kolera. Shika. Shika hapa!"

Kijana akaruka nyuma, akagonga pipa. Wanawake wa mstari wakapiga kelele, vikapu vikaanguka. Kasoki akaenda mbele hatua moja, na askari wakarudi nyuma. Akaenda nyingine. Wale waliopekua nywele za wanawake tangu asubuhi sasa hawakutaka hata kivuli chake kiwaguse. Akainama chini ya mti wa barrière na mtoto kifuani.

Nyuma yake bunduki ikalia, klak, ule mlio ambao kila mtu wa Kisangani anaujua kabla hajaujua wa kengele ya shule.

"Simama! Nitapiga!"

Hakusimama. Hakukimbia pia. Mgongo wake wote ulikuwa wazi, umelowa, na aliusikia kama kitu kisicho chake, kama ukuta ambao mtu mwingine anautazama. Alimgeuza Merdi upande wa mbele kabisa ili risasi ianze na yeye.

Sauti nyingine, ya mtu mzima, ikasema kwa uchovu: "Wacha. Ukimupiga, nani atatosha maiti yake barabarani? Weye?"

Kasoki akaendelea kutembea mpaka mlio wa watu ukaisha.

 

Mahema yalikuwa matatu, kwenye uwanja wa mpira. Mlangoni walimnyunyizia miguuni dawa iliyonuka kama nguo nyeupe zilizofuliwa kwa klorini. Muuguzi aliyempokea aliitwa Benoît, mtu mrefu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Hakuuliza jina. Alichukua mkono wa Merdi, akatafuta mshipa, akaugeuza, akatafuta, akatukana taratibu kwa Kilingala.

"Mulimupa lavement?"

Kasoki akavuta kikwembe kufunika miguu ya Merdi.

"Nimeuliza, mama, si kwa kukuhukumu. Nijue tu kiasi gani kimetoka."

"Mbili."

Benoît akafumba macho kidogo, akarudi kwenye mkono. Alimchoma mara nyingi, na mtoto hakushtuka hata mara moja, na hilo ndilo lililomwogopesha Kasoki kuliko bunduki. Mwishowe sindano ikaingia karibu na kisigino. Maji yakaanza kushuka katika mpira, tone baada ya tone, kisha kama uzi.

Pale ndani vitanda vilikuwa na tundu katikati na ndoo chini. Watu walikuwa wamelala na aibu zao nje, wazee na wasichana, na hakuna aliyemtazama mwingine. Karibu kila mkono ulishika kikombe. Kasoki alitafuta harufu ya kifo akaikosa. Alitafuta kilio akakikosa, isipokuwa cha mtoto mmoja aliyekataa kikombe na mama yake akimtishia kofi.

"Juu ya nini kwetu banakufwa?" akamuuliza Benoît alipopita tena. Sauti yake ilitoka kali, kama anagombana. "Ni kolera ingine?"

"Ni ile ile. Hii kolera imezunguka dunia, mama. Miaka iliyopita iliingia Amerika ya Kusini, batu bengi sana balihara, na balizika bachache tu. Hapa Afrika tunachimba." Alikaa kwenye ukingo wa ndoo iliyofunikwa. "Upande huu, mutu akihara banamuleta mbio, anakunywa njiani. Kwenu mukubwa anasema hakuna, basi hema hakuna, sachet za chumvi hakuna. Na mukubwa akisema hakuna, na batu nabo banafunga mulango. Banaona haya. Banamutosha mayi ya mwisho kwa poire, banamunyima ya kunywa, halafu banasema ni Mungu." Alisimama. "Miye nilisoma na mutu anafanya dispensaire kwenu. Tulisoma darasa moja. Yeye anajua yote ninayojua. Iko na nini mkononi? Kitabu tu."

Merdi alirudi polepole. Kwanza ngozi ya tumbo ilikubali kulala. Kisha alikojoa, na wanawake wa vitanda vya jirani wakapiga makofi kama kwenye ubatizo. Mwishowe akadai pondu, kwa hasira. Siku ya tatu, walipowaruhusu, Benoît alimfungia Kasoki sachet za chumvi ya kunywa ndani ya glavu, na dawa ya kutia ndani ya maji. "Ficha kwa mutoto," akasema. "Kwa barrière hakuna atamugusa."

Na kweli, pale barrière askari waliwaona kwa mbali wakawapisha kwa mikono, kama mtu anayefukuza moshi.

 

Fatouma aliwazuia mlangoni mwa parcelle, ua wa nyumba yao. Bonheur alikuwa mgongoni mwake, analala.

"Nipe Merdi," akasema. "Usimuingize. Mama mukubwa, bokilo yako, iko mugonjwa."

Jérôme alikuwa nyuma, mbele ya kibanda cha jiko cha matope, amesimama na kikombe. Hakuwa amenyoa. Mlango wa jiko ulikuwa umefungwa kwa kipande cha mkeka, na kutoka ndani ilisikika sauti ya mtu anayetapika bila kitu cha kutapika.

"Toka lini?" Kasoki aliuliza.

"Toka jana. Alifua nguo za Merdi, zote, hakutaka mutu mwingine azifue. Alisema ni yeye alikukasirisha." Alifuta pua kwa mkono. "Alijificha humo. Hataki niingie. Iko uchi, Kasoki, kila kitu kinamutoka. Mutoto mwanaume haoni uchi wa mama yake. Nikiingia, ananilaani na laana inanishika."

"Na Kahambu?"

"Alikuya na sukari. Mama alisema afazali kufwa kuliko mutu wa Kivu amuoshe. Mabibi wa kanisa baliimba pale kwa njia, halafu bakaenda."

"Basi umekaa na kikombe."

"Ninafanya aje!" Alipiga kelele, na sauti yake ilipasuka kama ya kijana. "Niambie, ninafanya aje?"

Kasoki akachukua kikombe. Akamimina sachet, akakoroga kwa kidole kilichooshwa, akasogeza mkeka.

"Nani?" bokilo akauliza. Sauti ilikuwa kama ya mtu anayesema kupitia kitambaa.

"Ni miye, Mama."

"Toka. Toka! Bibi ya mutoto haoni uchi wa bokilo. Kwetu, bibi akiona, uzao wake unakauka. Unataka Merdi afwe? Amepona?"

"Amepona. Anataka pondu."

Kisha sauti ya kilio kidogo, kikavu, kisicho na machozi, maana hayakuwepo tena ya kutoka. "Basi toka, umulinde."

Kasoki alibaki kizingitini. Usimcheke, wewe unayesoma. Alikuwa amevuka bunduki, lakini mbele ya neno hili alisimama, mkono kwenye mkeka. Mtoto aliyerudishiwa alikuwa ng'ambo ya ua, anaongea na kuku. Kama laana ile ilikuwa ya kweli? Nani alikwenda kuipima? Angeweza kurudisha mkeka mahali pake. Hakuna mtu duniani angemlaumu, hata bokilo mwenyewe angembariki.

Akavua kitambaa cha kichwa. Akakizungusha machoni, mara mbili, akafunga fundo nyuma kwa nguvu mpaka kikauma.

"Mama, nimefunga macho."

"Unadanganya."

Kasoki akapiga magoti, akasogea kwa magoti, mkono mmoja mbele, kikombe katika mkono mwingine. "Shika uso wangu."

Vidole vya bokilo vilikuja, baridi, vimekunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima. Vikapita juu ya kitambaa, vikabonyeza jicho moja, vikabonyeza la pili, vikaenda nyuma kupima fundo.

"Umefunga sana?"

"Sana."

"Bon," bokilo akasema, na mkono ukaanguka.

Kasoki alimsafisha kwa kupapasa, kama mtu anayetafuta sindano gizani. Mwili ulikuwa mwepesi kuliko alivyodhani, mifupa ya mtu aliyebeba mzigo wa kila mtu. Akamfunika kwa kikwembe chake mwenyewe. Akainua kichwa cha mzee kwenye mkono wake, akamimina.

"Umekosa," bokilo akanong'ona. "Hiyo ni sikio."

"Mudomo iko wapi?"

"Iko pale ilikuwa siku zote. Chini."

Nje Jérôme alisikia, akaketi chini, akaficha uso.

Kasoki akaupata mdomo kwa kidole gumba. Ulikuwa umekauka kama ganda. Akaugusisha na kikombe.

"Utajaza ugonjwa," bokilo akasema.

"Ijae. Kunywa."

Akamimina kidogo. Hakuona kama maji yameingia au yamemwagika shingoni. Akaweka vidole viwili juu ya koo la mzee, pale katikati, akangoja. Koo halikusogea. Alihisi maji yakiteleza pembeni, yakilowesha mkono wake.

"Anakunywa?" Jérôme aliuliza nje.

Kasoki alimimina tena, akaweka vidole palepale. Nje Merdi alikuwa anamgombeza kuku. Ndani hapakuwa na kitu isipokuwa ngozi ile nyembamba chini ya vidole, imetulia, imetulia.

Kisha kitu kidogo kikapanda, kigumu kama punje, kikasita, kikashuka.

"Tena, Mama," Kasoki akasema, akapapasa chini kutafuta sachet nyingine.